Shule Kongwe za Masasi na Newala Bado Zina Kazi

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, nyumba nyingi za Masasi na Newala huwa na mjadala mmoja. Mtoto kafaulu, si vibaya, si vizuri sana. Sasa aende wapi? Mjomba aliyeko Dar es Salaam anapiga simu, na huku kusini neno la mjomba lina uzito wake: mleteni mtoto, vyuo viko kila mtaa. Bibi naye anauliza kwa nini asiende Ndanda au Kitangari, walikosoma wakubwa zake. Safari hii bibi ana hoja, ingawa huenda si kwa sababu anazozitoa yeye.

Makala haya yanamsaidia mzazi na mwanafunzi kuipima hoja hiyo kabla hawajaandika jina la shule au chuo kwenye fomu.

Zilianzishwa kwa ajili ya nani

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Kabla na baada ya hapo, Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, yaani UMCA, ilikuwa ikiwapokea watoto waliookolewa majahazini. Wavulana waliwekwa Kiungani, wasichana Mbweni. Wengi wa watoto hao walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, watu wa huku huku bara ya kusini, waliopita njia za Ruvuma wakiwa wamefungwa minyororo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watu wazima waliokombolewa akitaka kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaipenda nchi, wakabaki. Kijiji na shule vikaanza hapo.

Havikuanza kwa raha. Mwaka 1882 Wamagwangwara, yaani Wangoni, waliivamia Masasi, wakaua na kuteka. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji viliteketeza misheni ya Masasi, na vituo vya Wabenediktini vya Nyangao na Lukuledi navyo vikaharibiwa. Abasia ya Ndanda tunayoijua leo, pamoja na hospitali yake ya Mtakatifu Benedikto, chanzo chake ni kituo kilichofunguliwa mwaka 1906 baada ya moto huo. Anayeona majengo ya mawe ya Ndanda na kudhani yalishushwa kutoka Ujerumani yakiwa kamili, ajue kwamba yalisimama baada ya vituo vilivyotangulia kuungua.

Kitangari ina habari yake. Zamani iliandikwa Chitangali, na miaka ya 1880 mwalimu wake mkuu hakuwa Mzungu. Alikuwa Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akasomeshwa Kiungani, kisha akarudi kwa Wayao wenzake kufundisha na kuhubiri. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadre. Leo Newala ina Chuo cha Ualimu Kitangali, cha serikali, na mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha kule anatembea palepale alipofundishia mtu aliyewahi kuwa bidhaa sokoni. Sijui kama wanachuo huambiwa habari hiyo siku ya kwanza. Wangepaswa kuambiwa.

Kiungani haikutoa mapadre peke yao. Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni mwaka 1891, alisoma hapo, na mwaka 1922 akaanzisha mjini Tanga chama cha Waafrika watumishi wa serikali ya Tanganyika. Kwenye mizizi hiyo ndipo ilipochipua African Association, ikafuata TAA, na mwaka 1954 TANU. Kwa upande wa Wakatoliki, mtoto wa Lupaso, Benjamin Mkapa aliyekuja kuwa rais, alipita Lupaso, Ndanda, Kigonsera na Pugu, akaenda Makerere na kuhitimu mwaka 1962. Ukiitazama safari hiyo utaona si bahati ya mtu mmoja. Kila shule ilikuwa inajua shule inayofuata, na mwalimu wa chini alikuwa anamjua mwalimu wa juu.

Wenzao wa ng'ambo

Wakati Steere anafika Masasi, Wamarekani Weusi waliotoka utumwani nao walikuwa wanajengewa vyuo, na wanajijengea. Cheyney kilianza mwaka 1837 na Lincoln 1854, kabla utumwa haujafutwa. Howard kikafuata 1867, Hampton 1868, Tuskegee 1881. Vyuo vingi vya Wazungu viliwafungia mlango, hasa majimbo ya kusini. Leo mlango uko wazi kisheria, na vyuo hivyo, vinavyokaribia 100, bado vinapokea vijana ambao wangeweza kwenda kwingine. Hupokea pia watu wa rangi nyingine na wageni kutoka nje.

Kwa nini mtu anayeruhusiwa kwenda popote achague chuo cha babu zake? Mtazame Thurgood Marshall. Ubaguzi wa Maryland, jimbo alikozaliwa, ulimzuia kusomea sheria nyumbani. Akaenda Howard, akahitimu mwaka 1933, na walimu wake wakamfundisha sheria wakijua wazi anakwenda kuitumia dhidi ya nani. Mwaka 1954 alishinda kesi iliyovunja msingi wa shule za kibaguzi Marekani. Mwaka 1960 alikaa London akiwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya kuhusu katiba yao. Chuo kingine kingeweza kumpa shahada ileile. Kisingempa walimu waliokuwa wanamtengeneza kwa kazi ile.

Jirani zetu wa Nyasaland, Malawi ya leo, waliijua thamani ya vyuo hivyo mapema. John Chilembwe, aliyeongoza maasi ya mwaka 1915, alisoma katika seminari ya Weusi huko Lynchburg, Virginia. Kamuzu Banda, aliyekuja kuwa rais wa Malawi, alipata udaktari Meharry, Nashville, mwaka 1937.

Tanganyika nayo ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila kundi kivyake, hadi mfumo huo ulipofutwa mwaka 1962. Askofu wa Masasi wakati huo alikuwa Trevor Huddleston, aliyeshika dayosisi kuanzia 1960 hadi 1968. Alikuwa ametoka Afrika Kusini, ambako sheria ya elimu ya Kibantu ya mwaka 1953 ililenga kumpa mtoto Mweusi elimu ya kumfaa kuwa mtumishi tu. Shirika lake la watawa liliamua kuifunga shule yao ya St Peter's, Johannesburg, kuliko kuiendesha kwa masharti hayo. Mtu aliyeona hayo alipokuja kusimamia shule za Masasi hakuhitaji kuhubiriwa maana ya shule.

Zinampa nini kijana wa sasa

Tuseme ukweli kwanza. Shule nyingi za misheni zilichukuliwa na serikali kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969. Chidya, iliyokuwa chuo cha St Joseph cha UMCA, na sekondari ya Ndanda ni za serikali, na wanafunzi wa kidato cha tano hupangwa kutoka kila mkoa. Mtoto wa Masasi hana upendeleo Chidya, na mwenzake wa Newala anaweza kupangiwa Kigoma. Hivyo asije mtu akakuahidi nafasi kwa sababu babu yake alifyatua matofali ya bweni.

Faida iliyobaki kubwa ni ya watu. Kwenye shule kongwe ya huku, kijana huona kila siku mwalimu, tabibu au fundi aliyetoka kijiji kama chake, anayesema Kimakonde, Kimakua au Kiyao jioni na kufundisha fizikia asubuhi. Hilo linaonekana dogo mpaka ukutane na mwanafunzi aliyefika mjini na kuchekwa lafudhi wiki ya kwanza, akanyamaza darasani mwaka mzima. Kwa msichana faida hiyo ni kubwa zaidi. Shule kama Masasi na Ndwika, zote za wasichana, zinamweka mahali ambapo kiranja, mshindi wa hesabu na mwenyekiti wa klabu ya sayansi ni lazima awe msichana mwenzake.

Faida ya pili ni kutolazimika kuchagua kati ya shule na nyumbani. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, alikwishaona tangu akiwa padre kwamba mila ya jando haiondoki kwa kukemewa. Mwaka 1913 alianza kuendesha jando la Kikristo, likiwa na wazee, ngariba na sala pamoja. Kuna waliomsifu na kuna waliomwona Mzungu anayejifanya mwenyeji. Mimi naona alielewa kalenda ya watu. Hadi leo mwalimu mkuu mwenye busara huku anajua likizo ya Desemba ni ya nini, na anawaita wazazi Oktoba kukubaliana kwamba siku ya kufungua shule mtoto atakuwa darasani. Shule isiyojua hilo huandika utoro na kumfukuza.

Faida ya tatu ni waliotangulia. Uliza kama kuna umoja wa waliosoma pale, na kama unafanya chochote zaidi ya kutoa sufuria siku ya mahafali. Mhitimu mmoja aliyeko hospitali ya Mkomaindo, Masasi, anayekubali kupokea wanachuo kwa mazoezi ana thamani kuliko orodha ya mawaziri ukutani.

Ufundi si adhabu

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika Mashariki kukagua elimu. Mwafrika pekee kati ya wajumbe alikuwa James Aggrey wa Gold Coast, mhitimu wa Livingstone, chuo cha Weusi cha North Carolina. Tume ilipendekeza Waafrika wafundishwe kwa mtindo wa Hampton na Tuskegee: kilimo, useremala, afya, ujenzi. Tuskegee wanafunzi walifyatua matofali wenyewe na kujenga madarasa yao. Lakini W.E.B. Du Bois, mhitimu wa Fisk, alipinga vikali: kwake yeye, kumfundisha Mweusi jembe peke yake ni kumzuia asipande juu. Aggrey na Du Bois wote wawili walikuwa wamesoma vyuo vya Weusi, na ubishi huo haukuisha.

Sasa umerudi kwetu kwa jina la mkondo wa amali, uliomo kwenye mtaala mpya na ulioanza kutekelezwa katika baadhi ya sekondari. Wazazi wengi wanauona ni wa walioshindwa. Ndanda ingewasaidia kubadili mawazo: Wabenediktini waliweka karakana, uchapaji wa vitabu na mafunzo ya ufundi kando ya shule na hospitali, na fundi aliyefunzwa hapo ana nafasi nzuri ya kupata kazi. Du Bois naye apewe haki yake. Shule ikitangaza amali, omba kuingia karakana. Tazama kama mashine ya kuchomelea ina vumbi au ina cheche. Hesabu randa na uzilinganishe na idadi ya wanafunzi. Uliza kama anayesoma ufundi bado anafundishwa hesabu na Kiingereza vya kutosha kuendelea hadi stashahada, kisha shahada. Kama jibu ni hapana, huo mkondo unaishia ukutani, na mzazi ana haki ya kukataa.

Mambo ya kukagua kabla ya kujaza fomu

Jina kubwa halifundishi hesabu. Anza na tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA. Fungua matokeo ya shule unayoitaka kwa miaka mitatu mfululizo, kwa simu tu. Usiangalie daraja la kwanza peke yake. Angalia waliopata sifuri na daraja la nne ni wangapi, halafu shuka kwenye somo ambalo mtoto anataka kulichukua. Shule inaweza kung'ara kwa historia na Kiswahili huku kemia ikiwa na wanafunzi wachache waliofaulu kwa tabu, na ukubwa wa jina lake hautakuambia hilo.

Kwa chuo cha kati, mfano cha uuguzi Ndanda, cha maafisa tabibu Masasi au cha ufundi popote, hakikisha kozi yenyewe imo kwenye mwongozo wa udahili wa baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, wa mwaka husika. Angalia kozi, usiishie kwenye jina la chuo, kwa sababu chuo kinaweza kusajiliwa na kozi moja isiwe na ithibati. Chuo kikuu, pamoja na Stella Maris kilichopo Mtwara, kinaangaliwa kwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Usitume hata shilingi moja ya nafasi kwa namba ya simu ya mtu. Malipo halali hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo au akaunti ya chuo.

Kama shule iko juu ya nyanda za Makonde, uliza maji. Juu kule hakuna mito. Mvua hupotea kwenye mchanga, na kwa vizazi vingi watu wameyafuata maji bondeni. Bweni lenye tangi la mvua na bomba linalotoka ni tofauti na bweni ambalo wasichana huamka saa 10 alfajiri kupanga ndoo. Mwulize mwanafunzi anayesoma pale, usimwulize mkuu wa shule.

Korosho na kalenda ya ada

Ada ya shule za serikali ilifutwa kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia 2016, na kidato cha tano na sita kuanzia 2022. Kinachobaki ni godoro, sare, nauli na vifaa, na kwa vyuo ada yenyewe. Tatizo la huku ni muda. Kidato cha tano huanza Julai. Vyuo hufunguliwa Septemba na Oktoba. Mnada wa korosho kwa stakabadhi ghalani huanza Oktoba, na fedha ya mkulima huingia akaunti baadaye, wakati mwingine Desemba. Kwa hiyo Julai mfuko ni mtupu, na hapo ndipo kangomba anapogonga hodi: nipe korosho zako kwa bei yangu, chukua fedha leo. Mzazi anayeuza kwa kangomba kumpeleka mtoto shule hupoteza sehemu kubwa ya mavuno, mbali na kwamba biashara hiyo ni haramu.

Njia iliyo salama ni kugawa fedha ya Desemba. Tenga ya Julai ijayo siku malipo yanapoingia, kabla ya bati na pikipiki. Kwa chuo, andika barua mapema kuomba kulipa kwa awamu zinazofuata minada. Vyuo vya mkoa wa Mtwara vinaijua korosho na vingi husikiliza. Hii nayo ni faida ya kusoma karibu, kwani mhasibu wa Dar es Salaam hatajua kwa nini unamwambia habari za mnada wa tatu wa chama cha ushirika cha TANECU.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, ni hasa wa shahada, na baadhi ya stashahada kwa fani zinazotajwa kila mwaka. Dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka na halingoji. Ni deni: ukiajiriwa mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara hadi liishe. Familia iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini iwe na namba yake tayari, kwani inahesabika katika kupima uhitaji.

Anayefikiria vyuo vya Weusi vya Marekani

Vipo, na mtoto wa Newala anaweza kuvijaribu ikiwa viza inatolewa. Vyuo vingi vya huko, hata vyenye gharama nafuu kwa wenyeji, ni ghali mno kwa mgeni asiye na ufadhili. Tafuta barua ya ufadhili kwanza, ndege baadaye. Ulizia Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam kuhusu ushauri wa bure wa EducationUSA juu ya kusoma huko. Usimlipe wakala kwa jambo hilo. Masharti ya viza yamekuwa yakibadilika mara kwa mara, hivyo ulizia ubalozini kabla hujalipa ada ya aina yoyote.

Majina mawili, mtu mmoja

Jambo la mwisho linawakwamisha vijana wa huku kuliko ada. Mtoto huzaliwa akapewa jina, akitoka jandoni au unyagoni akapata jingine, na mwalimu wa darasa la kwanza akaandika analolisikia. Akifika kidato cha sita ana cheti cha kuzaliwa chenye jina moja, cheti cha NECTA chenye jingine, na kitambulisho cha taifa cha NIDA chenye mchanganyiko. HESLB huhakiki cheti cha kuzaliwa kwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na majina yasipolingana ombi hukwama, dirisha likafungwa.

Weka vyeti vyote mezani leo, vyako na vya mzazi mwenzako, maana jina la baba nalo huhesabika, na usome herufi kwa herufi: Hassan na Hasani, Issa na Isa. Jina la mtoto hurekebishwa kwa urahisi shuleni kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Baada ya hapo kila marekebisho yana fomu, ada na safari, na baada ya cheti cha kidato cha nne utahitaji kiapo cha wakili na subira. Kama hana cheti cha kuzaliwa kabisa, nenda ofisi ya mkuu wa wilaya ukiwa na kadi ya kliniki, ikiwa ilinusurika panya, au barua ya mtendaji wa kijiji, na uulize pale vielelezo gani vingine wanavitaka. Aliye darasa la tano sasa bado ana muda wa kuyamaliza haya bila wakili.